Darasa la Watu Kumi na Wawili

Siku ya kwanza niliingia darasani dakika kumi kabla ya muda, kama nilivyozoea, nikatafuta kiti cha nyuma. Hakikuwepo. Chumba kilikuwa na meza moja kubwa ya mviringo na viti kumi na vitatu, na kila kiti kilitazamana na vingine vyote. Nikakaa karibu na mlango. Wakaja wenzangu kumi na mmoja, kisha akaingia mzee mmoja mwenye sweta lililotoboka kiwikoni. Nikadhani ni fundi wa jengo. Akakaa kile kiti kilichobaki, akafungua kitabu, akasema, "Haya, mmekutana na nini humu?" Halafu akanyamaza.

Mimi nilikuwa nimesoma. Kurasa zote sitini, mara mbili, na notisi nilikuwa nazo. Nilichokuwa nasubiri ni yeye aanze kufundisha. Aliyeanza kusema alikuwa mwanafunzi, na alichosema, kwa kipimo changu, hakikuwa sahihi hata kidogo. Wa pili akampinga. Wa tatu akasema ukurasa wa thelathini hajauelewa. Yaani mtu hajaelewa, na anatangaza mbele ya mwalimu! Nikasubiri mzee asahihishe. Yeye akawa anauliza tu, "Hilo unaliona wapi?" Saa moja na dakika ishirini zikaisha bila mimi kufungua mdomo na bila mwalimu kutoa jibu hata moja. Nikatoka na daftari jeupe, nikiamini kabisa kwamba nimeibiwa.

Ndivyo nilivyoanza miaka minne ya kusoma katika chuo kidogo cha Marekani, kwenye mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Sasa niko hapa nasoma shahada ya uzamili na kusimamia semina za mwaka wa kwanza, na kila msimu wa maombi ya ufadhili unapofika wadogo zangu hunifuata kuniuliza kuhusu vyuo vya aina ile. Wanauliza viza, mtihani wa Kiingereza, barua za utambulisho. Nawajibu. Lakini hakuna anayeniuliza kuhusu ile meza, nami naona ile meza ndiyo habari yenyewe.

Ni chuo cha namna gani

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kiswahili bado hakijakubaliana na neno moja la vyuo hivi. Wapo wanaosema "sanaa huria", lakini huko mtu husoma fizikia na hisabati vilevile, na neno huria kwetu linampeleka mtu moja kwa moja Chuo Kikuu Huria, ambacho ni jambo jingine kabisa. Mimi navita vyuo vya elimu pana. Asili ya jina lao ni Kilatini, na maana yake ilikuwa elimu inayomfaa mtu aliye huru, asiye mtumwa. Waliolitunga jina hilo wenyewe walimiliki watumwa, tusisahau hilo.

Chuo cha elimu pana kwa kawaida hufundisha shahada ya kwanza tu. Hakina wanafunzi wa uzamili, au kinao wachache sana. Hilo linaonekana jambo dogo la kiutawala, kumbe ndilo linalobadilisha kila kitu. Pasipo wanafunzi wa uzamili hakuna wasaidizi wa kusahihisha, kwa hiyo insha yako inasomwa na profesa mwenyewe, yule aliyeandika kitabu. Maabara ikihitaji mtu wa kumsaidia kupima sampuli za udongo, ni wewe wa mwaka wa pili utakayeitwa, maana hakuna mwingine. Vingi vina wanafunzi kati ya 1,000 na 3,000, na karibu wote wanalala chuoni miaka yote minne. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko shule nyingi za sekondari ninazozijua.

Jingine: huingii ukiwa umeshachagua fani. Sisi hapa mtu anapangiwa sheria au uhasibu kabla hajakanyaga chuoni, na kubadilisha ni vita. Kule unatangaza fani mwishoni mwa mwaka wa pili, na hata ukishatangaza, sehemu kubwa ya kozi zako zinatoka nje ya fani. Mimi nilikwenda kusoma uchumi, na uchumi nikaumaliza. Ila katikati yake nilisoma jiolojia, tamthilia za Wagiriki wa kale, takwimu, na kozi moja ya historia ya Bahari ya Hindi, ambako nilijifunza mambo ya Kilwa niliyopaswa kuyajua nikiwa kidato cha pili. Ilinichoma kidogo kufundishwa Kilwa na mtu wa Ohio. Lakini alikuwa ameisoma.

Kila chuo kina tabia zake. Reed, kule Oregon, maksi zako huwekwa kwenye kumbukumbu lakini huonyeshwi mpaka uombe mwenyewe. Unaletewa maoni ya mwalimu tu. Haverford, karibu na Philadelphia, mitihani hufanywa bila msimamizi. Wanafunzi wenyewe ndio wenye kanuni ya uaminifu, na kila mwaka hukutana na kupiga kura kama waendelee nayo.

Ninaoupenda zaidi ni utaratibu wa Swarthmore. Mkuu wao, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, aliuanzisha mwaka 1922. Wanafunzi wanaoufuata husoma kwa semina ndogo miaka miwili ya mwisho, kisha hutahiniwa na watu wa nje, wanaotoka vyuo vingine kabisa. Mwalimu aliyekufundisha si yeye anayekutahini. Sisi tuliopita mikononi mwa Baraza la Mitihani tunaijua hali hiyo vizuri: mtihani ukitungwa na mtu usiyemjua, wewe na mwalimu wako mnakuwa timu moja. Chuo kikuu, mwalimu akiwa mtungaji na msahihishaji, timu inavunjika, na mwanafunzi anaanza kumsoma mwalimu badala ya kusoma somo. Mnajua ninachosema. "Yule anapenda umnukuu yeye mwenyewe."

Darasa linavyokwenda

Utaratibu wa wiki ulikuwa hivi. Kozi nne tu kwa muhula. Kila kozi inakutana mara mbili au tatu kwa wiki, na kabla ya kila kikao kuna kitu cha kusoma: sura mbili za kitabu, makala ndefu, wakati mwingine ukurasa mmoja wa takwimu wa kuukodolea macho mpaka useme. Usiposoma unajulikana ndani ya dakika tano, kwa sababu mko kumi na wawili. Halafu kila wiki mbili hivi unaandika insha ya kurasa tano.

Wiki tatu za kwanza sikusema kitu. Nilijiambia ni Kiingereza, lakini Kiingereza changu kilikuwa kinatosha. Shida ilikuwa mahali pengine. Mimi nimelelewa kwamba mwanafunzi anaponyoosha mkono anakuwa tayari analo jibu, na jibu liko kichwani mwa mwalimu. Kazi yako ni kulifikia. Ukilikosa, darasa linacheka. Sasa hapa nimewekwa mbele ya mtu mzima, mwenye mvi, anayeuliza swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Sikuamini kwamba hana. Niliona ni mtego.

Na jina! Chuoni kwetu walimu waliitwa kwa jina la kwanza. Mzee wa miaka sitini na kitu anakwambia, "Niite fulani tu." Sikuweza. Ningewezaje? Nilimaliza muhula mzima bila kumwita kwa jina lolote. Nilikuwa nasubiri ageuke anitazame, ndipo niseme. Mwaka wa pili nikapata njia ya katikati, nikawa namwita Profesa. Akacheka, akaniachia.

Insha ya kwanza niliiandika kama tulivyofundishwa kidato cha sita: utangulizi, hoja sita, kila hoja na mfano wake, hitimisho. Ilirudi na maandishi ya penseli pembeni mwa kila aya, mengi kuliko niliyoyaandika mimi. Sikuwahi kusomwa hivyo maishani. Mwisho kabisa aliandika: "Yote haya ni kweli. Wewe unasema nini?" Nikaingia ofisini kwake kumwuliza ana maana gani. Kila mwalimu kule ana saa za ofisini, na mlango uko wazi kweli. Tukakaa dakika arobaini juu ya sentensi moja. Alitaka nimwonyeshe hoja ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuipinga. Hoja sita ambazo hakuna anayezipinga, alisema, ni orodha.

Insha ya pili

Hapa ndipo penye kovu, na nimefikiri kama niandike au niache.

Baada ya insha ile ya kwanza niliogopa sentensi zangu. Zilionekana fupi na za kitoto. Kwa hiyo kwenye insha ya pili nikachukua sentensi tatu za msomi mmoja kutoka kwenye utangulizi wa kitabu kingine, nikabadilisha neno hapa na pale, nikaziweka katikati ya aya yangu bila kumtaja. Sikuona kama ni wizi. Mnajua tunavyosoma: desa linatoka kwa kaka wa mwaka wa tatu, linafika kwa CR, linapigwa fotokopi, mnalimeza wote, na kwenye mtihani linatapikwa neno kwa neno. Aliyekariri vizuri anaitwa kichwa. Nani aliwahi kuuliza sentensi ni ya nani?

Profesa akaniita. Hakufoka. Aliweka kile kitabu mezani, kikiwa wazi, na karatasi yangu pembeni yake, akaninyamazia mpaka nikaona mwenyewe. Kisha akasema kanuni inamlazimu kuripoti, na ataripoti.

Nilikaa mbele ya kamati ya watu watano, watatu kati yao wanafunzi kama mimi. Mmoja nilikuwa nacheza naye mpira wa wavu Jumamosi. Wakaniuliza kama nilijua kwamba ni kosa. Nikasema hapana. Ilikuwa nusu ya ukweli. Sikujua ukubwa wake, lakini nilijua kwa nini nilibadilisha yale maneno mawili matatu. Mtu asiyejua kosa hahangaiki kulificha. Hilo sikuliambia kamati. Naliandika leo.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nahesabu: ufadhili ukikatwa, nauli ya kurudi ni kiasi gani, nitamweleza nini mama aliyeuza shamba la kule Moshi kupata tiketi ya kwenda. Majibu yalikuja baada ya siku nne. Sifuri kwa insha ile, onyo kwenye faili, na kila wiki kwa muhula mzima nionane na mwanafunzi mwenzangu katika kituo cha uandishi.

Kituo cha uandishi, kwa kweli, ndicho kilichonitengeneza. Ni chumba cha kawaida tu, na ndani yake wamo wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wanaolipwa na chuo kwa saa kusoma rasimu za wenzao. Hawakuandikii. Wanakuambia usome kwa sauti. Niliyepangiwa alikuwa dada mmoja wa kemia. Nikisoma, nikafika mahali nimejikwaa, alikuwa ananiuliza, "Hapo ulitaka kusema nini? Niambie tu." Nikimwambia kwa mdomo, anasema, "Basi andika hivyohivyo." Mara kumi na nne tulifanya hivyo. Kuna siku nilishindwa kumwambia kwa Kiingereza, nikamwambia kwa Kiswahili, hakuelewa neno, lakini mimi nilielewa. Nikaandika.

Hakuna pa kujificha

Watu wakisikia chuo cha bweni wanadhani ni suala la malazi. Kwetu malazi ni shida inayojitegemea: ukikosa kitanda unabebana na rafiki, au unapanga mtaani, unakuja darasani na kuondoka. Kule kulala chuoni ni sehemu ya masomo. Mnakula bwalo moja, asubuhi, mchana na jioni. Yule uliyempinga saa nne kuhusu Wagiriki ndiye mliyesimama naye foleni ya wali saa saba, na mabishano yanaendelea hadi kwenye meza. Mengi niliyojifunza ya uchumi niliyajifunza nikiosha masufuria. Nilikuwa na kazi jikoni saa kumi kwa wiki, na aliyekuwa akisuuza pembeni yangu alikuwa anasoma falsafa na hakubaliani na kitu chochote.

Kazi yenyewe haikuwa ajabu. Kuna chuo, Berea cha Kentucky, ambacho kimeacha kutoza ada ya masomo tangu 1892, na kila mwanafunzi lazima afanye kazi chuoni zisizopungua saa 10 kwa wiki, awe anasoma nini. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1855 na wapinga utumwa, ndani ya jimbo la watumwa, na baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kikawa kinawasomesha Weusi na Weupe pamoja. Mwaka 1904 jimbo likatunga sheria ya kukataza jambo hilo, chuo kikaenda mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1908 kikashindwa. Sheria ililegezwa 1950. Nalitaja hili kwa sababu watu huviona vyuo vile kama bustani tulivu. Kukaa pamoja mezani kumewahi kuwa kosa la jinai.

Na bustani ina miiba yake. Kijiji cha watu 1,300 ni kijiji. Kila mtu anajua nani kaachana na nani. Habari za kamati yangu zilitakiwa kuwa siri. Kufikia Ijumaa nilikuwa natazamwa bwaloni. Mwaka wa kwanza niligombana na mwenzangu wa chumbani kwa sababu ya hita. Mimi nataka iwake usiku kucha, yeye anafungua dirisha Desemba! Ukigombana na mtu hapa, unahamia kimbweta kingine. Kule mlikuwa tunakutana mara sita kwa siku, mpaka mmoja akasema tukae tuongee. Tuliongea saa tatu. Hatukuwa marafiki baadaye, lakini tulipangiana saa za dirisha.

Likizo ya Krismasi chuo kilifungwa, bwalo likafungwa, tukabaki wageni tisa kwenye jengo moja, theluji nje hadi magotini. Tulipika pamoja. Mimi nikapika ugali wa unga wa mahindi wa njano, ukawa kama uji wa mtoto. Ninakumbuka nilivyolia siku hiyo, na si kwa ajili ya ugali.

Lakini ndivyo ilivyo pia kwa upande mwingine. Februari niliugua, nikakosa vipindi viwili. Siku ya pili jioni mlango ukagongwa. Ni mshauri wangu wa masomo, amekuja kwa miguu na supu kwenye chupa. Katika ukumbi wa watu mia nne unaweza kupotea wiki sita, na CR akaendelea kukusainia mahudhurio kwa moyo mwema kabisa. Kule hujapotea siku mbili. Kuna siku nilichukia. Nilitamani sana kukaa nyuma ya watu mia nne nisionekane.

Walionitangulia

Sikuwa wa kwanza kutoka kwetu, wala mbali na hapo. Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani umepewa jina la mtu aliyesoma chuo kidogo: Kwame Nkrumah alifika Lincoln, Pennsylvania, mwaka 1935, akahitimu 1939. Lincoln kilikuwa chuo cha Weusi. Nnamdi Azikiwe alikuwa amepita hapohapo kabla yake, na Thurgood Marshall alihitimu 1930, yule mwanasheria aliyekuja kuwasaidia Wakenya kwenye mazungumzo ya katiba London mwaka 1960. Eduardo Mondlane, aliyeiongoza FRELIMO akiwa hapa Dar es Salaam mpaka alipouawa kwa bomu Februari 1969, alipata shahada yake ya kwanza Oberlin, Ohio, mwaka 1953.

Kisha kuna ile safari ya ndege ambayo Tom Mboya alihangaikia. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi, na mwaka uliofuata wengine wengi zaidi. Wangari Maathai alikuwa kwenye kundi la 1960. Hakupelekwa Harvard. Alipelekwa Atchison, Kansas, kwenye chuo kidogo cha wasichana cha masista Wabenedikto, Mount St. Scholastica, akasoma biolojia na pembeni yake kemia na Kijerumani, akahitimu 1964. Kijerumani cha nini kwa binti wa Nyeri? Baadaye alikwenda Ujerumani kwa sehemu ya utafiti wake wa udaktari.

Na tusiende mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha London, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na fani moja, sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Kilihamia Mlimani 1964. Darasa la watu kumi na wawili si kitu tulichoagiza kutoka nje. Tuliwahi kuwa nalo.

Afrika ya leo wapo waliojaribu tena. Patrick Awuah wa Ghana, aliyesoma Swarthmore, alianzisha Ashesi mwaka 2002. Huko mwanafunzi wa uhandisi anasoma uandishi na falsafa, na wanafunzi wakishapiga kura kukubali kanuni ya uaminifu, wanafanya mitihani bila msimamizi.

Sasa gharama. Vile vyenye jina kubwa vimepita dola 80,000 kwa mwaka, ada na malazi, kwa hiyo bila ufadhili mkubwa usijisumbue. Na ukirudi na cheti, jiandae. Kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi niliulizwa, "Hiki ni chuo cha kati?" Kisa kinaitwa "college". Nilikuwa na hati ya TCU ya kutambua shahada, nikaionyesha, bado yule bwana akaitazama kama risiti ya bandia. Kazi sikuipata. Pia kozi ni chache. Kwenye uchumi tulikuwa na walimu saba. Mmoja akienda likizo ya utafiti, kozi yake inasubiri mwaka. Anayejua tangu mwanzo kwamba anataka uhandisi wa mabomba ya gesi, aende chuo kikubwa chenye mitambo.

Kimbweta

Nilipoanza kusimamia semina hapa nilijaribu kufanya kama yule mzee. Nikaingia, nikakaa, nikauliza, "Mmekutana na nini?" Wanafunzi thelathini na nane wakanitazama. Dakika moja. Mbili. Kijana mmoja wa mbele akasema kwa heshima zote, "Samahani dada, slaidi utatuma kwenye grupu?" Nikajiona mwenyewe pale karibu na mlango.

Kwa hiyo nikaacha kujaribu kwenye semina, nikaenda kwenye vimbweta, ambako wanafunzi wetu husoma kwa makundi tangu zamani. Makundi yetu yana ubaya mmoja: anayejua anafundisha, wengine wanaandika. Ni mhadhara mdogo wa bure. Muhula uliopita tukaanzisha kundi la watu tisa tukabadilisha mambo matatu tu. Kila mtu aje amesoma makala ileile moja, si muhtasari wake. Kila mtu aje na sentensi moja aliyoiandika mwenyewe, ambayo mwingine anaweza kuipinga. Na hakuna kusema "mwandishi anasema" bila kuonyesha ukurasa.

Wiki ya kwanza tulikuwa tisa. Wiki ya pili wanne. Mmoja alinitumia ujumbe: "Dada, nimeona hapa hakuna desa." Sikumlaumu, alikuwa na testi mbili wiki ile, na bumu halijatoka. Wiki ya tano tukabaki palepale wanne, tukabishana kuhusu makala moja ya bei za korosho mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna ugomvi. Wiki ya saba mmoja wao, kijana asiyesema kabisa kwenye semina, alikuja na sentensi iliyokuwa inapinga kitu nilichowafundisha mimi mwezi mmoja kabla. Nilijitetea. Akaniuliza, "Hilo unaliona wapi?" Nikatafuta ukurasa, nikakosa.

Wawili kati ya wale wanne walipata sapu muhula huo, kwenye kozi nyingine, na mmoja anasema ni kwa sababu alitumia Jumatano zake kwetu badala ya kumeza. Huenda ni kweli. Mitihani yetu haiulizi sentensi yako.

Muhula huu tuko sita. Tunakutana Jumatano saa kumi jioni, kimbweta cha tatu nyuma ya maktaba, kile chenye mwembe. Wiki hii tunasoma makala ya kurasa kumi na nane kuhusu vyama vya ushirika. Nakala iko kwa mama wa fotokopi dirisha la pili, mwambie ya Jumatano. Viti ni vya saruji na havina mgongo, njoo na kitu cha kukalia.